Mpangaji Aliyekufa Kitabuni

Nyumba yangu ya mtaa wa Picha ya Ndege ina vyumba vitano vya kulala, na kila chumba kina kiyoyozi nilichokifunga kwa mikono yangu. Kiwanja sikurithi, tofali sikuchangiwa. Stashahada yangu ya ufundi wa majokofu na viyoyozi iko ndani ya fremu ya kioo sebuleni, mahali ambapo mgeni akiketi lazima aione, na akiuliza namweleza bila haya kwamba miaka yote niliyofanya kazi Gaborone, kwenye vyumba vya baridi vya kiwanda cha nyama, hakutokea fundi wa kunisahihisha kitu kimoja mara mbili. Uani pameegeshwa gari la viti saba, nalo halidaiwi na mtu. Habari za ukoo wangu sitaziandika; si zilizonifikisha hapa nilipo, na msomaji hatapungukiwa na chochote. Nitaandika juu ya mwaka mmoja tu, ule niliopanga chumba Kisarawe nikiwa kijana. Mwaka huo niliamini nimekwisha kuuzika, mpaka nilipoukuta unauzwa dukani.

Nilikuwa nimekwenda Sofu, kwenye duka la vifaa vya shule, kutoa nakala ya hiyo stashahada. Mama mwenye duka ananijua. "Mzee, hiki cheti unakitolea nakala kila mara, unawagawia majirani?" akaniuliza. Nikamwambia angekuwa nacho yeye angekitolea nakala asubuhi na jioni. Akacheka, akawasha mashine, na wakati inapata moto nikawa natazama rafu yake: madaftari, kalenda, visanduku vya rula na bikari, vijitabu vya dini, na katikati ya hivyo kitabu kimoja chenye picha ya sanduku la bati la buluu. Kilichonishtua kwanza ni hilo sanduku, hata kabla sijasoma maandishi. Halafu nikasoma: Chumba cha Mpangaji. Chini yake, Chausiku Pazi. Mama akaniambia nakala yangu iko tayari, akarudia, na nadhani alirudia tena. Chausiku Pazi alikuwa amekufa. Taarifa niliipata Gaborone, kutoka kwa msafiri mmoja mwenyeji wa Kisarawe aliyekuja kutafuta kazi kiwandani kwetu. Nilimwuliza habari za kwao, akasema wamemzika Mwalimu Chausiku, yule wa pale mjini. Siku hiyo niliingia chumba cha baridi nikiwa nimevaa koti zito, nikakaa kati ya mapande ya ng'ombe yaliyoning'inia mpaka wenzangu walipokuja kunitoa. Tangu hapo sikumwuliza tena mtu habari za Kisarawe.

Nilikilipia kile kitabu, nikaenda kukaa garini na kuanza kukisoma papo hapo, mbele ya duka. Nilidhani ni maandishi ya zamani ambayo warithi wameyaokota kabatini. Lakini kurasa za mwanzo tu, mwanamke mmoja mzee anapelekwa Soga kuliona treni jipya la umeme. Anasimama na wenzake nje ya uzio, treni linapita, naye anasema halina moshi wala kelele, linapita kama mtu aliyeitwa upesi na hataki kuaga. Nikafunga kitabu. Treni hilo lilianza kupita mimi nikiwa nimekwisha kurudi nchini. Nililiona kwa macho yangu. Mtu aliyezikwa nikiwa ugenini asingeweza kuliona. Ama kuna mtu anaandika kwa jina lake, au yuko hai. Nikasoma ukurasa mwingine, na mwingine, na kufikia hapo shaka yote ilikuwa imeniisha. Sentensi zile nazijua. Nilizisikia zikitengenezwa, moja moja, juu ya ukuta.

Hapa nirudi nyuma kidogo. Nilifika Kisarawe nikiwa kijana mwembamba mwenye sanduku la bati la buluu, jina langu limeandikwa juu ya kifuniko kwa rangi nyeupe: MAGANGA. Nilikuwa nimeajiriwa kwa muda kumsaidia fundi aliyehudumia majokofu ya chanjo katika zahanati za vijijini. Yalikuwa majokofu ya mafuta ya taa, na hadi leo mafundi wengi hawaamini nikiwaambia kwamba nilianza ufundi huu kwa kukata tambi za taa. Chini ya jokofu kuna taa ndogo. Ikiwaka moto wa buluu, juu kunapatikana barafu. Ikiwaka moto wa njano, kunapatikana masizi na chanjo inaharibika. Kazi yangu ilikuwa kwenda kwa baiskeli kutoka zahanati moja hadi nyingine kuhakikisha moto ni wa buluu. Chumba nilikipata kwa mwalimu mstaafu, mjane, aliyeishi na binti yake aitwaye Sikujua, umri wetu ukiwa sawa. Walikuwa Wazaramo wa pale pale. Mimi ni Mnyamwezi, na aliponiuliza kabila langu mlangoni na nikamjibu, alipiga makofi na kumwita binti yake. "Siku! Njoo uone, tumeletewa mtani. Ficha kuku." Nikajua nitakaa vizuri.

Chumba changu kilikuwa cha mwisho kushoto, chenye kitanda cha kamba, dirisha la mbao, na sakafu ya saruji iliyopasuka kutoka mlangoni hadi ukutani. Nyumba haikuwa na dari. Kuta za vyumba zilipanda kidogo kupita kimo cha mtu, zikaishia hapo, na juu yake palikuwa hewa tupu hadi kwenye bati. Kikohozi cha chumba cha kwanza kilisikika chumba cha mwisho. Ukigeuka kitandani, asubuhi utaulizwa ulikuwa unaota nini. Watu waliokulia nyumba za namna hiyo wanajua kwamba humo kuna adabu yake: unasikia, lakini hujibu mpaka uitwe. Mimi sikulelewa hivyo, na asubuhi yangu ya kwanza nilikaribia kutoka mbio. Upande wa pili wa ukuta sauti ya mwanamke ilisema, "Alifungua mlango akakuta hakuna mtu." Kimya. Kisha, "Alifungua mlango, hakuna mtu." Kimya kirefu zaidi. "Mlango ulikuwa wazi, na mtu hakuna." Nikadhani mama mwenye nyumba ana maradhi ya akili. Nilipotoka uani, nilimkuta Sikujua amekalia mbuzi anakuna nazi. Akanitazama usoni akaanza kucheka hata nazi ikamwagika. "Umemsikia mama? Usiogope, kaka Maganga. Anaandika. Anapika sentensi kama watu wanavyopika mchuzi, anaonja, anatia chumvi."

Nikauliza anaandika nini. Sikujua akaingia ndani akarudi na kitabu chembamba kilichochakaa ukingoni: Wageni wa Sungwi. Nilikaa chini, kwenye vumbi lile la uani, kama nilivyokuwa na shati langu la kazi. Kitabu hicho nilikisoma shuleni nikiwa kidato cha pili, nikakisoma tena bila kuambiwa na mwalimu, na kurasa nyingine nilizijua kwa kichwa. Kilikuwa kitabu cha kwanza kunifanya nifikiri kwamba mtu wa kawaida, anayekula mihogo, maisha yake yanatosha kuandikwa. Jina la mwandishi nililiona kila nilipokifungua, lakini ilinipita kabisa kwamba mwandishi ni mtu anayeweza kukupangisha chumba na kukuuliza kama umeoga. Bi Chausiku alitoka, akaniona na kitabu mkononi, akasema, "Usinitazame hivyo, Mnyamwezi. Aliyekiandika ana njaa kama wewe."

Basi tukaishi. Asubuhi palikuwa na chai ya mchaichai na mihogo iliyochemshwa, na siku za mwisho wa mwezi vitumbua. Jioni mapema, kabla mwanga haujatoka uani, tulikula bada, ule ugali wa unga wa muhogo unaovutika kidogo mkononi, kwa kisamvu cha nazi au dagaa. Nilianza kwa kuudharau, nikisema kwetu ugali huu tungezibia mabati, na nikaishia kuomba ukoko wake. Bi Chausiku alinitukana kwa kila tonge. "Kula, mpagazi. Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Unyamwezi mpaka pwani, wewe unabeba utambi wa taa." Nami nikimjibu kwamba babu zangu walipofika pwani walimkuta Mzaramo amelala, na wakirudi walimpita amelala bado. Nilipomweleza kuhusu moto unaotengeneza barafu, aliweka tonge chini. "Mnyamwezi mwongo." Nikamchukua hadi zahanati ya pale mjini, nikampigisha magoti kwenye sakafu, akaona taa, kisha nikamfungulia mlango wa juu akashika barafu kwa vidole. Kesho yake, juu ya ukuta: "Moto mdogo, wa buluu, ulikuwa unalinda baridi." Nilisahau adabu ya nyumba, nikasema kwa sauti, "Hiyo imekaa sawa!" Kisha akasema, "Usipige kelele. Ikikaa sawa, gonga ukuta." Tangu siku hiyo nikawa mgongaji wake. Alisema, akarudia, akabadilisha, na ilipotulia mahali pake niligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, naye akaandika. Nimepata sifa nyingi katika maisha yangu na nyingine zina mihuri, lakini hakuna kazi iliyoniingia kichwani kama ile ya kugonga ukuta.

Katikati ya mwaka ule kaka yake Bi Chausiku, Mzee Kibwana, mkulima wa mihogo na mikorosho huko Maneromango, alifariki. Bi Chausiku alinigongea mlango macho makavu. "Vaa, Mnyamwezi. Kaka yangu amekufa na watani wote wa kule wamehamia mjini. Nani atatutukana?" Nikamwambia sijawahi kufanya utani wa msibani, kwetu nilikuwa mdogo. "Mnyamwezi hafundishwi," akasema. Tulifika watu wamejaa, wanawake wanalia ndani, wanaume wamekaa kwenye mikeka hawasemi. Bi Chausiku alinifinya mkono mpaka nikaumia. Basi nikaingia ndani nikatoka na kofia ya marehemu kichwani, jembe lake begani, na baiskeli yake nikiisukuma, nikaenda kujilaza katikati ya njia ya makaburini. "Hapiti mtu!" nikapiga kelele. "Huyu Mzaramo hakuumwa, amekufa makusudi ili asipalilie!" Kwa kitambo nilidhani nitapigwa. Halafu mwanamke mmoja akacheka katikati ya kilio, mwingine akanijibu kwamba nimlipe marehemu kuku niliowaiba, na msiba wote ukapumua.

Lakini yanayonirudia mara kwa mara, hata sasa ninapoandika, ni yale yaliyofuata. Kitu cha marehemu kikikamatwa na mtani hakirudi hivi hivi. Lazima mtu wake aje akikomboe. Kofia ilikombolewa na mjukuu wa kike, aliyekuja na kuku mkononi huku kamasi zikimtoka. Jembe likakombolewa na mkwe wake, kwa kikapu cha mihogo. Ilipofika baiskeli watu walitazamana, kwa sababu ilikuwa kitu kikubwa, na aliyeinuka alikuwa mzee mmoja ambaye marehemu aligombana naye juu ya mpaka wa shamba tangu ujana wao. Alifungua fundo la kikoi alichojifunga kiunoni, akatoa sarafu, akaniwekea mkononi. "Mrudishie," akasema. "Alikuwa wetu." Nikaondoka njiani. Siku zile zote baada ya mazishi nilimsikia Bi Chausiku akijaribu sentensi moja tu. "Kaka yangu alikombolewa hadi baiskeli." Nilikuwa nimekwisha kugonga ukuta mara ya kwanza, lakini akairudia tena na tena, na nikafahamu kwamba ile haikuwa ya kuandikwa.

Mwaka ulipokaribia kwisha nikapata nafasi ya chuo Dar es Salaam, nafasi ambayo wengi waliiomba na wachache tukaipata. Asubuhi ya kuondoka tulikunywa chai bila kutaniana. Nilipolishika sanduku, Bi Chausiku akasema, "Hilo acha. Mtu akiacha kitu, anakifuata." Nikacheka, kama nilivyocheka kwa kila neno lake mwaka mzima. Nikasema nitarudi kulichukua kwa gari langu mwenyewe. "Ukija na gari," akasema, "uje na watu wa kulipakia." Nikamwuliza, sanduku moja hilo? "Hata hilo moja." Naye Sikujua aliinamia mbuzi yake akikuna kifuu ambacho nazi yake ilikwisha zamani. Nikahamishia nguo kwenye mfuko wa kitambaa, nikatoka. Nilipomaliza chuo na stashahada yangu sikuwa na gari, na sikutaka kufika kwa miguu. Nilipokuwa Gaborone gari lilikuwepo, njia ndiyo haikuwepo. Halafu ikaja taarifa ile ya msafiri, na nikajiambia kwamba hakuna tena wa kumwonyesha.

Sasa nirudi Sofu, mbele ya duka, kitabu kikiwa kwenye usukani. Mpangaji wa kitabuni hana jina, lakini ana sanduku la buluu, anaendesha baiskeli akinuka mafuta ya taa, na kila anapoulizwa atakaa hadi lini anajibu, "Mimi napita tu." Nilikuwa nasema hivyo kweli. Nilisoma nikitabasamu peke yangu kama mwehu, mpaka nilipofika karibu na mwisho. Mpangaji anakufa. Anakufa nchi ya watu, ndani ya chumba cha baridi kikubwa kuliko nyumba aliyokuwa amepanga, na habari zinafika kwa mdomo wa mtu asiyejua hata alizikwa wapi. Basi yule mama mwenye nyumba anafanya haki yake ya utani. Anaburura sanduku la marehemu, analitoa nje, analiweka njiani, analikalia. Anangoja waje kulikomboa. Wapita njia wanamsalimu, yeye anawaambia yuko msibani. Hakuna anayekuja. Mvua inaanza, analirudisha chumbani, anafunga mlango. Kitabu kinaishia hapo. Niliwasha gari kwa hasira. Mtu mwenye nyumba ya vyumba vitano, mwenye afya, anayelipa kodi ya jengo kabla ya siku ya mwisho, ameuawa kwenye kitabu kinachouzwa kando ya visanduku vya bikari!

Nikashika njia ya Kiluvya. Kisarawe imebadilika, ina lami na majengo ambayo sikuyaacha, lakini nyumba niliitambua kabla sijafika. Bati lilikuwa jipya, na barazani walikuwa wameweka vigae. Niliegesha gari mahali litakapoonekana kutoka dirishani, nikapiga hodi. Alitoka mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, mvi zimechungulia chini ya mtandio.

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Maganga."

Alishika kizingiti. Akavua miwani, akaivaa tena. "Maganga gani? Maganga wetu alikufa."

"Alikufa lini, Siku?"

"Juzi juzi hapa. Sura ya mwisho." Halafu akacheka kile kicheko chake, kile kile cha kumwaga nazi, na machozi yakamtoka, akanivuta ndani kwa mkono wa shati. "Mama! Mama, yule maiti wako kaja, na kanenepa!"

Bi Chausiku alikuwa uani, kwenye kiti cha chini, anamenya mihogo kwa kupapasa. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Kisu kilikwenda chini ya ganda bila kukosea, na ganda likatoka zima. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Maiti wa siku hizi wana adabu."

"Bi Chausiku, hata mimi niliambiwa umekufa. Niliambiwa na mtu wa hapa hapa. Alisema Mwalimu Chausiku amezikwa."

"Alizikwa kweli, Mwalimu Chausiku wa shule ya kule juu. Huyo huyo ndiye aliyerudi akatuambia uko kwenye vyumba vya baridi. Na wewe hukuuliza Chausiku yupi? Nusu ya wanawake wa Kisarawe walizaliwa usiku."

Nilikaa kwenye kinu kilicholazwa. Nikaanza kumweleza. Nilimweleza stashahada na alama nilizopata, Gaborone na vyumba vya baridi, nyumba na vyumba vyake, vigae nilivyochagua, geti linalofunguka lenyewe, gari lililoko nje. Alinisikiliza bila kukatiza, mihogo ikiingia sufuriani mmoja baada ya mwingine. Nilipomaliza akauliza, "Na moto wako bado wa buluu?" Nikasema nimesoma kitabu, ni kizuri, lakini sikupendezwa na mwisho wake. Akasema hata yeye hakupendezwa nao. Basi nikasema nimekuja kuchukua sanduku langu.

"Sanduku la marehemu limekamatwa na mtani," akasema.

"Nitalikomboa. Taja unachotaka. Kuku, mbuzi, chochote, nikufuate nacho kesho."

"Maiti hajikomboi, Mnyamwezi. Ulikuwepo Maneromango. Ulimwona kaka yangu akiinuka kwenye jeneza kuja kudai baiskeli yake?"

Sikujua akaangua kicheko. Nami nikacheka, kwa nguvu, kwa raha ya kutukanwa tena na mtu anayenijua. Nilicheka kwa muda ndipo nikaona kwamba Bi Chausiku hacheki. Alikuwa ameweka kisu chini na amenielekezea uso, akingoja.

"Leta mtu," akasema. "Mmoja tu. Mke, mtoto, ndugu, jirani, hata uliyegombana naye. Asimame hapo mlangoni aseme huyu ni wetu, nami nitampa sanduku bila hata yai."

Nikasema watu wangu wako mbali. Akauliza mbali wapi. Nikatoa simu, kana kwamba nitamwonyesha, nikaanza kupitisha kidole juu ya majina. Fundi Geti. Fundi Bomba. Kokoto. Duka la Nakala Sofu. Wakala wa Bima. Mlinzi wa Zamani. Gaborone nilifanya kazi na watu wengi na sikuondoka na namba hata moja. Nimeandika huko juu kwamba habari za ukoo wangu hazihitajiki hapa. Nina dada, anaitwa Mbuke, au nilikuwa naye. Mara ya mwisho kupata habari zake alikuwa Sikonge, na barua yake ilikuwa ya kunipongeza kwa chuo. Niliendelea kupitisha kidole mpaka majina yakaisha na skrini ikarudi juu yenyewe. Naye Sikujua alikuwa ameacha kucheka. Alichukua sufuria akaipeleka jikoni bila kuniangalia, na nilimshukuru kwa hilo.

"Umechoka na safari," Bi Chausiku akasema, sauti ikiwa imelainika. "Chumba chako kiko wazi. Kajinyooshe. Mihogo ikiiva utaitwa."

Nilikwenda bila kuonyeshwa njia. Ufa wa sakafu ulikuwa pale pale. Kitanda kilikuwa kingine, cha chuma, lakini dirisha lilikuwa lile la mbao, na chini yake lilikaa sanduku la buluu, kutu pembeni, herufi nyeupe za jina langu zikiwa zimebaki nusu. Kwenye kifuniko palikuwa na madoa ya matone makubwa, ya maji yaliyokauka juu ya vumbi na hayakufutwa. Nikakumbuka mvua ya kitabuni. Sikuligusa. Nilikaa kitandani nikiwa na viatu, nikitazama juu, na hapo nikaona kwamba pamoja na vigae vyote na bati jipya hawakuweka dari. Kuta ziliishia pale pale, na juu yake ilikuwa hewa.

Upande wa pili kiti kilivutwa. Nikamsikia Sikujua akiketi, kisha sauti ya Bi Chausiku, nyembamba kuliko zamani, lakini ikichukua muda wake ule ule.

"Andika, Siku. 'Marehemu alirudi.'" Kimya. "Hapana. 'Marehemu alirudi na gari.'"

"Gari lake lina viti saba, mama. Nimeliona."

"Saba?" Nilisikia moto wa jikoni ukilia, na mtu akipita nje akisalimia nyumba ya jirani. "Basi hivi. 'Marehemu alirudi na gari la viti saba, akashuka peke yake.'"

Hakuirudia. Kalamu ya Sikujua haikusikika. Wote wawili walinyamaza, na nikatambua kwamba walikuwa wananingoja mimi. Nilitafuta kosa katika ile sentensi, kama fundi anavyotafuta mahali panapovuja, nikaipitia tangu mwanzo hadi mwisho. Sikuona.

Nikanyoosha mkono, nikagonga ukuta.